Hoteli Isiyo na Nyama: Historia Fupi ya Mradi Wetu Hapa Mgololo

UTANGULIZI

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilianza mwaka 2015, na mwaka 2025 kilitimiza miaka kumi. Kamati ya sherehe ilipogawa kazi za kijitabu hiki, katibu alipewa mambo ya hisa na mikopo, mweka hazina akapewa mahesabu, na mimi mwenyekiti nikaambiwa niandike historia ya hoteli. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana hoteli hii ndiyo iliyotaka kutuvunja, na ndiyo hiyo hiyo iliyotuunganisha.

Wageni wanaofika hapa kwetu huuliza jambo moja. Kwa nini akina mama hawa wanauza ugali, wali, makande, maharage, minji, mboga za majani na maparachichi, lakini hawauzi nyama, samaki wala mayai? Wengine hudhani ni mambo ya dini. Wengine hudhani tumefundishwa na wazungu. Yote mawili siyo. Sababu ya kwanza ilikuwa ni hesabu, na baada ya hesabu ikafuata afya. Nitaeleza moja baada ya nyingine ili watoto wetu wakisoma wajue tulikotoka.

MGOLOLO NA CHAKULA CHAKE

Kwa wasomaji wa mbali, Mgololo iko wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Ni nchi ya misitu ya kupandwa, mipaina na mikaratusi, na ukipanda juu kidogo unakuta mashamba ya chai. Reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia kati ya mwaka 1970 na 1975, inapita huku kwetu. Wachina wale walilima bustani za mboga kwenye kambi zao, jambo ambalo wazee wetu walilitazama kwa mshangao, maana waliona watu wenye mitambo mikubwa wakijisumbua na matuta ya majani.

Baada ya reli kikaja kiwanda cha karatasi cha Southern Paper Mills. Kilianza kazi mwaka 1985, kikiwa kimejengwa kwa uwezo wa kutoa tani 60,000 za karatasi kwa mwaka. Watu wakaja toka kila upande. Waliokuwapo ni Wahehe na Wabena, wakaongezeka Wakinga, Wanyakyusa, Wangoni na wengine wengi. Sasa penye vibarua hapakosi mama ntilie. Jina hilo lilitoka kwa wateja wenyewe, wakinyoosha sahani na kusema, "Mama, ntilie." Siku hizi tunaitwa mama lishe, jina la heshima zaidi, lakini kazi ni ile ile ya kuamka saa kumi alfajiri na kuwasha moto.

Kiwanda kikaja kusimama. Miaka ile ya mashine kulala ilikuwa ya dhiki kwa waliotegemea mshahara, hadi kilipoingia mikononi mwa kampuni binafsi katika miaka ya 2000 na kuitwa Mufindi Paper Mills. Katika dhiki ile watu waliishi kwa kitu gani? Waliishi kwa maharage, maboga, viazi, minji na majani ya shambani. Nataka msomaji alishike jambo hili, kwa sababu ndipo maharage yalipopata jina baya. Yakaitwa chakula cha shida. Mtu akipata hela anataka nyama ili majirani wajue kwamba shida imekwisha. Sisi tulipoacha nyama miaka mingi baadaye, tulikuwa tunagusa kidonda hicho bila kujua.

KIKUNDI KILIVYOANZA

Mambo ya hisa na mikopo ameyaeleza katibu, kwa hiyo nitapita haraka. Tulianza akina mama 28. Mfumo wetu ni ule wa sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti. Mfumo huu haukuzaliwa kwetu. Ulianza nchini Niger mwaka 1991, ambako shirika la CARE lilishirikiana na akina mama wa vijijini, na miaka ya 2000 ukaenea Tanzania, tukaujua wengi kwa jina la VICOBA. Kabla ya hapo tulikuwa na upatu, ambao ni mzuri, ila upatu hauna akiba. Ukipokea zamu yako umemaliza.

Miaka miwili ya kwanza tulikopeshana kwa ada za shule, mbolea na matibabu. Mwaka 2017 tukaona sanduku lina hela na mikopo yote inakwenda kwenye matumizi ya nyumbani. Tukasema tuwe na mradi mmoja wa pamoja utakaozaa. Wengine walitaka kuku, wengine cherehani. Walio wengi wakachagua hoteli, kwa sababu kupika kila mmoja wetu anajua na haihitaji fundi wa kutufundisha.

HOTELI YA KWANZA, YENYE NYAMA

Tulitoa shilingi 900,000 kwenye sanduku. Tukajenga banda la mabanzi, yale makombo ya magogo kutoka mashine za kupasulia mbao, ambayo huku kwetu ni rahisi na hutumika pia kama kuni. Tukanunua sufuria, mabenchi, sahani na ndoo za maji ya kunawa. Julai 2017, katika baridi kali, tukafungua.

Tulipika kama hoteli nyingine zote. Asubuhi supu na chapati, mchana ugali nyama, wali nyama, wali maharage, na siku ya gulio samaki. Wateja walikuwepo: madereva wa malori ya magogo na mbao, vibarua wa msituni, walimu, na watu waliokuwa wakisubiri usafiri wa kwenda Nyololo na Mafinga. Kwa macho ya kawaida biashara ilikuwa inakwenda.

Ilipofika Novemba tulihesabu fedha tukakuta shilingi 210,000 tu, na bado tulikuwa na deni la nyama shilingi 140,000. Mkutano ule ulikuwa mgumu. Walisikika wanaosema hela imeliwa na wapishi. Mama mmoja alisimama na kusema yeye anataka hisa zake siku ile ile, akanunue kiroba cha mbolea, maana mvua zimeshaanza na hoteli haitamlimia shamba. Wengine wanne wakamuunga mkono. Msomaji anayejua vikundi anaelewa kwamba wakitoka watano kwa hasira, mwezi ujao wanatoka kumi, na sanduku linabaki na kufuli zake tu.

MWEKA HAZINA NA HESABU YA SUFURIA

Aliyetuokoa ni mweka hazina. Aliomba apewe wiki moja. Katika wiki hiyo alikaa hotelini na daftari, akaandika kila sufuria peke yake: imegharimu nini na imeleta nini. Wiki iliyofuata alitusomea, na nainakili hapa kama ilivyo kwenye daftari lake kwa faida ya vikundi vingine.

Kilo moja ya nyama tulinunua shilingi 6,000. Ilitoa sahani nane, yaani shilingi 750 kila sahani. Ugali shilingi 250. Mafuta, kuni, nyanya na chumvi shilingi 200. Jumla shilingi 1,200. Sahani tuliuza shilingi 1,500, faida shilingi 300. Zikiuzwa zote nane, faida ni shilingi 2,400. Lakini zikibaki sahani mbili hazikuuzwa, tumepata shilingi 9,000 wakati tumetumia 9,600. Hiyo ni hasara ya shilingi 600. Na nyama hiyo bila friji kesho yake si ya kumpa mteja.

Kilo moja ya maharage ilikuwa shilingi 1,500. Ikishaiva ilitoa sahani kumi na mbili, yaani shilingi 125 kila sahani. Ugali 250, na hayo mengine 200. Jumla shilingi 575. Sahani tuliuza shilingi 1,000, faida shilingi 425. Zikiuzwa zote, faida ni shilingi 5,100. Zikibaki mbili, bado tuna faida ya shilingi 3,100.

Watu walinyamaza. Kumbe hakuna aliyekula hela. Hela ilikuwa inaliwa na sufuria ya nyama, na sufuria ya maharage ilikuwa inailipia madeni dada yake kila siku. Ndipo mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa haongei sana mikutanoni, akasema maneno ambayo mpaka leo tunayarudia: "Nyama tunainunua kwa watu. Maharage tunayo sisi wenyewe ghalani."

Ni kweli. Kila mwanachama alikuwa analima maharage, minji, viazi au mboga, na kuyauza wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa kwa walanguzi wanaokuja na malori. Hoteli ingeweza kuwa soko letu. Tulipiga kura mwezi wa Desemba 2017. Wanachama 17 walikubali kuacha nyama kwa miezi sita ya majaribio, tisa walikataa, wawili hawakupiga. Yule aliyetaka hisa zake alikubali kungoja, kwa sharti kwamba maharage yake yawe ya kwanza kununuliwa.

"MBOGA GANI?"

Tulipofungua tena Januari 2018 tuliandika ubaoni kwa chaki: HOTELI YA MBOGA. Hapo tukapata kichekesho. Kwetu neno mboga ni pana. Mtu akiuliza "Leo mboga nini?" unaweza kumjibu nyama, dagaa au mchicha. Basi madereva walikuwa wanaingia, wanakaa, wananawa, halafu wanauliza, "Mama, mboga gani leo, nyama au samaki?" Wakijibiwa maharage na chainizi wanacheka, wengine wanaondoka na mikono mibichi. Tulibadilisha maandishi lakini jina la mtaani lilikuwa limeshapatikana. Wakatuita hoteli ya majani. Wengine wakasema hoteli ya wagonjwa.

Maneno hayo yaliingia hata majumbani. Mwanachama mmoja alikatazwa na mume wake kuja zamu, kwa kuwa rafiki zake kilabuni kwenye ulanzi walimtania kwamba mkewe anauza malisho ya ng'ombe. Hatukugombana naye. Wazee wawili wa kijiji walimwendea, wakazungumza naye kiume, na sisi tukampelekea makande. Baada ya mwezi mama yule alirudi.

Watu walikuwa wanatuuliza kwa dhati: mmesikia wapi hoteli isiyo na nyama? Mwalimu mmoja mteja wetu ndiye aliyetusaidia kujibu. Alitueleza kuwa Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia hufunga kula nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa na siku nyingine nyingi katika mwaka, na kwa hiyo hoteli zao zina vyakula vingi vya dengu na mboga ambavyo hata matajiri wanavila. Dar es Salaam wako Wahindi ambao hawajaonja nyama tangu kuzaliwa, na wana hoteli zao. Uswisi, katika jiji la Zürich, iko hoteli isiyo na nyama iliyoanza mwaka 1898 na bado inafanya kazi. Na Uingereza mwaka 1944 watu wasiotumia kabisa kitu cha mnyama walianzisha chama chao. Kwa hiyo si ugeni wa dunia. Ulikuwa ugeni wa Mgololo tu, na sisi wenyewe babu zetu walikula nyama kwa sherehe, siyo kila siku.

MAMBO YALIYOLETA WATEJA

La kwanza ni Kwaresima. Mufindi ina Wakatoliki na Walutheri wengi. Kwaresima ya mwaka 2018 ilitukuta na miezi miwili, na wale wanaojinyima nyama wakaja kwetu kwa sababu huku hakuna harufu ya kuwajaribu. Pasaka ilipopita tulidhani wataondoka. Baadhi yao walibaki.

La pili ni wagonjwa. Wale waliotuita hoteli ya wagonjwa walituletea wateja bila kujua. Watu wenye sukari na presha walikuwa wameambiwa kliniki wapunguze mafuta na chumvi, wale dona, maharage na mboga za majani. Hotelini nyingine walikuwa wanashindwa. Kwetu tuliweka chumvi mezani badala ya kuimwaga sufuriani, kila mtu ajiongezee anavyoruhusiwa.

La tatu, na ndilo kubwa, ni upishi wenyewe. Kizuri chajiuza. Tulijua kwamba tukipika maharage ya shuleni, yale ya maji na wadudu, tumekwisha. Kwa hiyo tuliweka utaratibu, na wapishi wapya huusoma kabla ya kuanza zamu. Maharage yanachambuliwa jioni na kulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji yale yanamwagwa, yanawekwa mapya, yanachemka kwa nguvu kwanza halafu moto unapunguzwa. Chumvi mwishoni. Vitunguu vinakaangwa taratibu hadi viwe rangi ya asali ndipo nyanya na karoti zinafuata. Siku nyingine tunatia karanga zilizotwangwa. Kulowekwa kunapunguza kuni na kunapunguza tumbo kujaa gesi, ambayo ndiyo iliyokuwa hofu kubwa ya madereva wanaokaa garini siku nzima.

Mboga za majani tunazibadilisha: chainizi, figiri, mchicha, mnavu, majani ya maboga yaliyopikwa na karanga, na uyoga wakati wa mvua. Minji mikavu tunaipika rojo kwa wali. Makande ya mahindi na maharage tunayauza na kipande cha parachichi, na hicho ndicho chakula kilichowashinda hata waliotucheka. Maparachichi yanastawi sana Mufindi na Njombe, na zamani tulikuwa tunaacha yaoze chini ya miti.

Miezi sita ya majaribio ilipokwisha, deni la nyama lilikuwa limelipwa na sanduku limerudishiwa shilingi 400,000. Kura ya pili hata haikuhitajika. Mwaka 2019 tulichukua kile kitambulisho cha wajasiriamali wadogo cha shilingi 20,000, tukapika bila wasiwasi wa kufukuzwa.

MATATIZO

Sitaki msomaji adhani kila kitu kilikuwa kizuri. Mwezi Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, shule zilifungwa na walimu wakaondoka. Malori yalipungua na watu waliogopa kukaa pamoja. Tulifunga mabenchi, tukawa tunapima chakula kwenye vyombo vya wateja. Kilichotusaidia ni kuwa maharage yanakaa. Tungekuwa na nyama tungefunga kabisa. Shule za msingi zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni mwaka ule, tulikuwa bado hai.

Mwaka 2021 na 2022 mafuta ya kula yalipanda bei nchi nzima. Hapo tulirudi kwenye upishi wa mama zetu, wa karanga na mbegu za maboga zilizotwangwa, ambao hauhitaji mafuta mengi. Wateja walisema chakula kimekuwa kitamu zaidi. Barabara nayo masika ilitutesa. Gari la nyanya na vitunguu likikwama kwenye matope, siku hiyo tunapika bila nyanya.

MKUTANO WA MWAKA 2023

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko faida yote. Mwaka 2023 muuguzi wa kliniki alikuja kwenye mkutano wetu kuzungumza juu ya udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa kukosa lishe bora ya muda mrefu. Alitusomea matokeo ya utafiti wa taifa wa mwaka 2022. Tanzania nzima, watoto waliodumaa walio chini ya miaka mitano ni asilimia 30. Mkoa wa Iringa ni karibu asilimia 57, wa kwanza nchini. Majirani zetu Njombe, ambao tulikuwa nao mkoa mmoja hadi mwaka 2012, ni karibu asilimia 50. Katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016 Iringa ilikuwa karibu asilimia 42. Maana yake tumerudi nyuma, sisi tunaoitwa ghala la chakula la taifa.

Wenye umri wetu walikumbuka. Kuanzia mwaka 1983 mkoa huu ulikuwa na mpango mkubwa wa lishe wa serikali pamoja na UNICEF na WHO, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, matokeo yakasomwa mbele ya serikali ya kijiji, na kijiji kikaulizwa kitafanya nini. Katika miaka michache watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka karibu asilimia 56 hadi 38, na watu kutoka nchi nyingine wakawa wanakuja Iringa kujifunza. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukuwahi kujua.

Muuguzi alituuliza sababu ni nini, wakati mahindi yapo. Akajibu mwenyewe. Mama anatoka alfajiri kwenda shambani au kwenye kibarua cha chai na msitu, anarudi jioni. Mtoto anaachiwa uji mtupu wa sembe au ugali wa jana. Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Maharage na matunda yanauzwa ili kupata hela.

Mama mmoja wa zamu akasimama. Akasema, "Sisi tunalisha madereva wanashiba, wanatusifu, halafu wajukuu wetu nyumbani wanalambishwa ugali na chumvi." Hakuna aliyemjibu. Kisha ikatolewa hoja kwamba kila mtoto wa mwanachama, au mjukuu anayelelewa naye, aliye chini ya miaka mitano, apate sahani ya mchana hotelini bila malipo.

Hoja ile ilizua ubishi mkali. Wasio na watoto wadogo walisema gawio lao la mwisho wa mwaka litapungua kwa ajili ya watoto wa wengine, na walikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu hisa ni jasho la mtu. Mweka hazina akapiga hesabu: watoto 19, kila sahani ndogo gharama yake shilingi 300, kwa siku ni shilingi 5,700. Tuliahirisha mara mbili. Mwishowe tulikubaliana kwa njia ya kati. Nusu ya gharama ilipwe na faida ya hoteli, nusu mama mwenye mtoto alete kwa maharage, mboga au kuni. Wanachama wote walipiga kura ya ndiyo isipokuwa wawili, na mmoja wa hao wawili ndiye anayewapakulia watoto leo.

TULIYOJIFUNZA JUU YA LISHE

Muuguzi alituonya jambo ambalo lazima niliandike. Hoteli haina nyama, lakini hatusemi nyama ni mbaya. Mtoto mdogo na mama mjamzito wanahitaji pia mayai, maziwa au dagaa wanapopatikana, kwa sababu viko virutubisho, kama vitamini B12, ambavyo maharage na majani hayana. Kwa hiyo wanachama wengi sasa wanafuga kuku, na yai linabaki nyumbani kwa mtoto.

Mengine tuliyofundishwa ni haya. Dona ni bora kuliko sembe, mradi mahindi yawe yamekaushwa vizuri na hayana ukungu, maana ukungu huleta sumukuvu. Maharage yaliwe pamoja na kitu kibichi kama nyanya, limau au chungwa, ili mwili upate madini ya chuma ya kuongeza damu. Na hili lilituchekesha sisi watu wa Mufindi: chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia madini hayo. Tumeamua chai hotelini ni ya asubuhi na jioni. Mchana ni maji.

Je, watoto wamebadilika? Siwezi kuandika kwamba udumavu umekwisha. Kadi za kliniki za baadhi yao mstari umepanda vizuri, wengine bado. Udumavu unaanza tumboni na katika siku elfu moja za kwanza, na aliyepitwa na siku hizo ni vigumu kumrudisha. Ndiyo maana wajawazito sasa wamo kwenye utaratibu wa sahani ya mchana.

HALI YA SASA NA MWISHO

Leo tuko wanachama 34. Banda la mabanzi limekuwa jengo la tofali lenye jiko sanifu. Hoteli inanunua kwanza mazao ya wanachama, kwa bei tunayokubaliana kabla ya mavuno, na wengi hawauzi tena kwa walanguzi mwezi wa njaa ya hela. Yule mama aliyedai hisa zake mwaka 2017 ndiye mtunza stoo. Bado tuna upungufu: hatuna ghala zuri, maji hukatika, na vijana wetu wanaona upishi ni kazi ya wasiosoma. Tunaomba mabinti waliomaliza sekondari waje watushikie madaftari kabla macho yetu hayajachoka.

Wanaotaka kuanza hoteli kama hii katika kijiji chao nawaambia hivi. Msianze na ubao wa maandishi, anzeni na daftari. Hesabuni kila sufuria peke yake. Pikeni kile mnacholima. Mkichekwa, jibuni kwa upishi. Na kabla ya kumpakulia mteja, hakikisheni mtoto wa mpishi amekula.

Maharage yaliitwa chakula cha shida. Sisi yamejenga nyumba, yamelipa ada, na sasa yanakuza watoto.

Haba na haba hujaza kibaba. Udumu umoja wetu.

Mwenyekiti wa Kikundi,
Mgololo, Mufindi